Jinsi ya kuchagua chanzo cha umeme cha kuchajia betri, kuanzia simu hadi helikopta ndogo

BETRI imekuwa nguzo ya maisha ya kila siku katika maeneo ya Ikutha, Mutomo na Kibwezi. Simu inayopokea pesa kutoka kwa jamaa aliye Nairobi au Mombasa, taa inayomwangazia mwanafunzi usiku, redio ya mzee na mashine ya kinyozi sokoni, zote hutegemea betri iliyojazwa umeme ipasavyo.

Siku hizi orodha hiyo imerefuka. Zipo droni za kupiga picha za harusi na mashamba, na helikopta ndogo zinazoongozwa kwa redio, ambazo zamani zilionekana kuwa mchezo wa matajiri wa mijini. Betri za vifaa hivyo ni kali kuliko za simu, na hazisamehe makosa.

Hata hivyo, watu wengi hufikiria betri na chaja pekee, wakasahau kitu cha tatu, ambacho ni chanzo cha umeme kinachoilisha chaja hiyo. Chanzo kikiwa dhaifu, chaja hujizima kila mara au huchukua siku nzima. Kikiwa kibovu, betri iliyonunuliwa kwa maelfu ya shilingi hufa kabla ya mwaka kwisha. Kikiunganishwa ovyo, nyumba huweza kuteketea.

Makala haya yanaeleza vyanzo vinavyopatikana, jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kununua, na tahadhari zinazofaa kuchukuliwa.

Hali ilivyo Ikutha

Ikutha iko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, Kaunti ya Makueni, kuelekea Mutomo na mjini Kitui. Ni eneo kame lililo karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jua ni kali kwa sehemu kubwa ya mwaka, isipokuwa msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, ambapo mawingu hutanda kwa siku kadhaa, na vipindi vya mvua ya vuli na masika.

Makazi yametawanyika. Nyaya za stima zikifika sokoni, bado kuna maboma mengi yaliyo kilomita kadhaa kutoka kwenye transfoma iliyo karibu. Kwa sababu hiyo, biashara ya kuchajia watu simu imekuwa na wateja tangu simu za mkononi zilipoenea, hasa baada ya huduma ya M-Pesa kuanzishwa Machi 2007. Simu iliyozimika si usumbufu tu tena. Ni pochi iliyofungwa.

Kabla ya hapo, familia zilizokuwa na televisheni ndogo zilitumia betri za gari, ambazo zilibebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi sokoni kuchajiwa. Baadaye paneli za sola zilienea, na tangu mwaka wa 2012 kampuni kama M-Kopa zimekuwa zikiuza vifaa vya sola kwa malipo ya polepole kupitia simu. Serikali nayo ilianzisha mpango wa kuunganisha stima mashambani wa Last Mile mwaka wa 2015.

Matokeo ni kwamba mkazi wa Ikutha leo ana vyanzo vinne vya kuchagua: stima ya Kenya Power, sola, betri ya gari na jenereta. Hakuna kilicho bora kwa kila mtu.

Aina za betri

Hatua ya kwanza ni kujua betri inayochajiwa ni ya aina gani.

Betri ya risasi na asidi, kama ile ya gari au ya sola ya kawaida, huwa na seli sita na huitwa ya volti 12. Ikijaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.7. Ikifika volti 12.2, nusu ya umeme wake imekwisha. Inapochajiwa huhitaji kati ya volti 13.8 na 14.4.

Betri ya lithiamu ya simu huwa na seli moja ya volti 3.7 hivi. Nyingi hujaa zikifika volti 4.2, ingawa baadhi ya simu mpya hupanda zaidi kidogo. Chaja ya kawaida hutoa volti 5, na kompyuta ndogo iliyo ndani ya simu husimamia kiasi kinachoingia.

Betri ya lithiamu-polima, inayotumika katika helikopta ndogo na droni, huundwa kwa seli kadhaa zilizofuatana. Ya seli tatu huwa na volti 11.1 na hujaa kwa volti 12.6. Ya seli sita huwa na volti 22.2 na hujaa kwa 25.2. Nyingi hazina kinga yoyote ndani, hivyo usalama wake wote umo mikononi mwa chaja na mwenyewe.

Aina ya nne ni lithiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo inazidi kutumika katika mifumo ya sola. Kila seli ina volti 3.2 na hujaa kwa 3.65. Haishiki moto kwa urahisi kama lithiamu-polima, na hudumu miaka mingi kuliko ya risasi, ingawa bei yake ya kwanza ni ya juu.

Betri hizi hazichangiwi chaja. Chaja ya betri ya risasi ikiunganishwa kwenye lithiamu-polima inaweza kusababisha moto.

Hesabu ya kwanza

Maneno matatu yanatosha kwa hesabu zote: volti, ampea na wati. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wake unaopita kwenye waya, na wati ni nguvu inayopatikana. Wati ni volti mara ampea.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa ampea-saa. Ukizizidisha kwa volti, unapata wati-saa, yaani kiasi cha kazi ambacho betri hiyo inaweza kufanya. Wati-saa 1,000 ni sawa na yuniti moja ya stima inayonunuliwa kwa tokeni.

Simu ya kisasa yenye betri ya ampea-saa 4 hubeba takriban wati-saa 15. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, chanzo hulazimika kutoa kama wati-saa 20. Simu ndogo ya kabambe yenye betri ya ampea-saa 1 huhitaji takriban wati-saa 5 tu. Kwa hivyo yuniti moja ya stima inatosha kuchaji simu 50 za kisasa, au kabambe 200.

Chukua mfano wa kibanda kinachochaji simu 10 za kisasa na kabambe 10 kwa siku. Hizo ni wati-saa 200 na 50. Ongeza mashine ya kinyozi ya wati 12 inayofanya kazi saa tano, ambayo ni wati-saa 60, na balbu mbili za wati 5 zinazowaka saa nne jioni, ambazo ni wati-saa 40. Jumla ni wati-saa 350 kwa siku. Mfano huu utatumika katika sehemu zinazofuata.

Stima na pawasaplai

Mahali ambapo stima imefika, hakuna chanzo kingine kinachoishinda kwa bei. Kibanda cha mfano wetu hakimalizi hata nusu ya yuniti kwa siku. Iwapo kila mteja hulipa Sh20, mapato ya simu 20 ni Sh400, na gharama ya umeme ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Tatizo la stima ni kukatika, na kupanda au kushuka kwa volti. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Katika ncha ya laini ndefu ya mashambani, volti zinaweza kushuka sana jioni kila mtu anapowasha vifaa, kisha kuruka ghafla umeme unaporejea baada ya kukatika. Chaja hafifu huungua wakati huo. Kifaa cha kukinga dhidi ya mruko wa umeme, kinachochelewa dakika chache kabla ya kuruhusu stima kupita, hulipa gharama yake mara moja tu kikiokoa chaja tano.

Chaja za betri kubwa na za helikopta ndogo nyingi hazichomekwi moja kwa moja kwenye soketi. Huhitaji pawasaplai, yaani kifaa kinachobadilisha stima ya volti 240 kuwa umeme wa volti 12 au 24 kama wa betri. Katika kuchagua kifaa hicho, mambo manne ni ya lazima.

Kwanza, volti zinazotoka sharti ziwe ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye chaja. Chaja nyingi ndogo hupokea volti 11 hadi 18. Ukiipa chaja ya aina hiyo volti 24, itaungua papo hapo.

Pili, ampea zizidi mahitaji. Pawasaplai yenye ampea nyingi haiidhuru chaja, kwa kuwa chaja huchukua kiasi inachohitaji tu. Yenye ampea chache ndiyo hatari, kwani hufanya kazi kupita uwezo wake, ikapata joto na kuzimika. Acha nafasi ya asilimia 20 hadi 25.

Tatu, hakikisha inakubali volti 240. Vifaa vya mitumba kutoka Marekani hutengenezewa stima ya takriban volti 120. Baadhi huwa na swichi ndogo nyuma ya kuchagua kati ya 115 na 230. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115 na kifaa kuchomekwa kwenye soketi ya Kenya, kishindo na moshi hufuata.

Nne, angalia feni na matundu ya hewa. Vumbi la Ukambani huziba feni upesi, na kifaa kinachotoa ampea 20 bila hewa hakidumu.

Mafundi wengine hutumia pawasaplai zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Zinaweza kufaa kwa kazi ndogo, lakini volti zake 12 mara nyingi hushuka mzigo unapoongezeka. Aidha, si salama kuziunganisha mbili kwa kufuatana ili kupata volti 24, kwa sababu waya wake hasi kwa kawaida umeshikamana na waya wa ardhi. Anayefanya hivyo bila ujuzi husababisha shoti.

Sola

Kwa boma lililo mbali na nyaya, sola ndiyo chaguo la kwanza. Jua la Kitui ni mtaji, lakini hesabu yake sharti ifanywe kwa siku mbaya wala si kwa siku nzuri. Katika mwezi wa jua kali, paneli inaweza kupata sawa na saa tano au zaidi za jua kamili. Kwa usalama, tumia saa nne.

Takriban asilimia 30 ya umeme hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Kwa hivyo wati-saa 350 zikigawanywa kwa saa nne, kisha kwa 0.7, jibu ni wati 125. Paneli inayopatikana iliyo juu ya kiasi hicho ni ya wati 150.

Paneli ya wati 150 hutoa takriban ampea 12.5 kwenye betri ya volti 12. Kidhibiti chaji, yaani kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, kiwe cha ampea 20. Kuunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri bila kisanduku hicho ni kuiua betri taratibu, kwani hakuna kinachozuia umeme baada ya betri kujaa.

Betri nayo huhesabiwa hivi: wati-saa 350 kugawanya kwa volti 12 ni ampea-saa 29. Betri ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu ya umeme wake, hivyo inahitajika ya ampea-saa 58. Ili kumudu siku moja ya mawingu, kiasi hicho huongezwa maradufu na kuwa kama ampea-saa 117. Betri ya ampea-saa 120 itafaa. Kwa lithiamu ya fosfeti, ambayo huruhusu asilimia 80 kutumika, kama ampea-saa 70 zinatosha kwa kazi ile ile.

Njia moja ya kupunguza gharama ni kuchaji simu mchana jua likiwa juu, badala ya kuzihifadhi hadi jioni. Umeme hupita kutoka kwenye paneli hadi simu, na betri hubaki kwa ajili ya taa na wateja wa asubuhi.

Kwa kuwa Ikutha iko karibu na ikweta, paneli huinamishwa kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ikielekea kaskazini, ili mvua ioshe vumbi. Iache nafasi ya hewa kati yake na mabati. Paneli yenye joto jingi hutoa umeme kidogo, na mabati ya adhuhuri huwa kama kikaango. Kivuli cha tawi moja la mgunga kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe.

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka wa 2012 kuhusu mifumo ya sola, fundi anayeiweka anapaswa kuwa na leseni, ambayo hutolewa kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Shirika linalosimamia leseni hizo kwa sasa ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuona leseni hiyo kabla ya kulipa.

Betri ya gari

Betri ya gari ni chanzo cha haraka kwa anayetaka kuchaji akiwa shambani au uwanjani. Lakini ilitengenezwa kuwasha injini, yaani kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa tena na gari lenyewe. Ikitolewa umeme polepole hadi mwisho kila siku, huharibika baada ya miezi michache.

Betri ya ampea-saa 50 isitolewe zaidi ya 25, ambazo ni takriban wati-saa 300. Hizo zinatosha simu 15 za kisasa. Anayetaka kufanya kazi hiyo kila siku anunue betri iliyotengenezwa kwa sola, ambayo huvumilia kutolewa umeme mara kwa mara.

Betri zenye vifuniko vya kuongezea maji zahitaji maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa madukani na kwenye vituo vya petroli. Visima vingi vya kusini mwa Kitui vina maji ya chumvi. Maji hayo yakimiminwa kwenye betri huharibu bamba za risasi zilizo ndani.

Inverta, inayogeuza volti 12 kuwa 240, huonekana kurahisisha mambo kwa sababu chaja yoyote ya nyumbani huchomekwa hapo. Hata hivyo, inakula umeme yenyewe hata isipofanya kazi. Kupandisha volti hadi 240 kisha kuzishusha tena hadi 5 ni kupoteza mara mbili. Kwa simu, ni heri kutumia chaja ya gari ya volti 12 yenye matundu kadhaa.

Jenereta

Jenereta ndogo ya petroli hufaa dharura tu. Hutumia takriban nusu lita au zaidi kwa saa hata inapobeba mzigo mdogo, na kuchaji simu 20 ni mzigo mdogo mno kwake. Faida yote huishia kwenye tangi.

Ikiwa lazima itumike, itumike kuchaji betri kubwa na simu nyingi kwa wakati mmoja ili petroli isipotee. Isiwashwe ndani ya nyumba, kibanda au karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Helikopta ndogo na droni

Vyombo hivi si mchezo tu. Nchini Tanzania, askari wa wanyamapori wamewahi kutumia droni ndogo kuwarudisha ndovu mbugani walipokaribia mashamba kandokando ya hifadhi za kaskazini. Mwaka wa 2016, mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni ulianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa wakulima wa kusini mwa Kitui wanaopakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, habari za ndovu shambani si ngeni.

Betri ya helikopta ndogo kwa kawaida huchajiwa kwa ampea zinazolingana na ukubwa wake. Ya ampea-saa 2.2 huchajiwa kwa ampea 2.2, na ya ampea-saa 5 kwa ampea 5. Kiasi hicho huijaza kwa takriban saa moja na zaidi kidogo. Mtengenezaji asiporuhusu kiwango cha juu, kisivukwe.

Betri ya seli tatu na ampea-saa 2.2 huhitaji volti 12.6 mara ampea 2.2, ambazo ni kama wati 28. Ukiongeza upotevu, chanzo kinatakiwa kutoa wati 33 hivi, yaani chini ya ampea 3 kwa volti 12. Pawasaplai ya ampea 5 inatosha kabisa.

Ya seli sita na ampea-saa 5 ni jambo jingine. Volti 25.2 mara ampea 5 ni wati 126. Pamoja na upotevu wa asilimia 15 zinafika wati 148, ambazo ni ampea 12.3 kwa volti 12, au ampea 6.2 kwa volti 24. Hapa inahitajika pawasaplai ya volti 12 na ampea 16, au ya volti 24 na ampea 8. Iwapo chaja inakubali volti 24, hiyo ndiyo bora, kwani nyaya hupata joto dogo. Anayechaji betri mbili kwa pamoja azidishe hesabu hiyo mara mbili.

Kwa anayetegemea betri ya gari ya ampea-saa 50, betri moja ya aina hiyo humaliza takriban wati-saa 130. Atachaji mbili tu, na gari lisipowashwa huenda likakataa kuwaka wakati wa kurudi nyumbani.

Betri hizi huchajiwa kwa chaja inayosawazisha seli kupitia waya mdogo wenye matawi. Zisitumiwe hadi chini ya volti 3 kwa kila seli. Zikikaa wiki kadhaa bila kazi, zihifadhiwe zikiwa na takriban volti 3.8 kwa seli.

Ikumbukwe pia kwamba droni nchini Kenya zinasimamiwa na kanuni za mwaka wa 2020 chini ya Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA, na mmiliki anatakiwa kuisajili. Kurusha juu ya mbuga kunahitaji idhini ya Shirika la Wanyamapori, KWS.

Nyaya na fyuzi

Umeme wa volti 12 haupendi safari ndefu. Ampea 10 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 hadi mahali palipo mita 10, volti 1.4 hivi hupotea njiani kwenda na kurudi. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi, na chaja inaweza kukataa kuwaka. Nguvu hiyo hiyo kwa volti 240 haipotezi chochote cha kutajika. Kwa hivyo betri na chaja ziwe karibu, na waya uwe mnene.

Kila betri iwe na fyuzi karibu na ncha yake chanya. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kama kaa la moto katika sekunde chache. Kuziba nafasi ya fyuzi kwa msumari au karatasi ya sigara ni kuondoa kinga ya pekee iliyopo.

Kuzuia moto

Betri ya lithiamu-polima isichajiwe ikiwa imevimba, imetobolewa au imeanguka kwa kishindo. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu kipana, mbali na godoro, nyasi za paa na mafuta ya taa. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Mtu mzima awepo wakati wote. Kuchaji usiku watu wakiwa wamelala hakufai.

Joto nalo ni adui. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Ikutha, kiwango hicho hupitwa upesi. Betri iliyotoka kufanya kazi iachwe ipoe kivulini kwanza.

Betri za risasi hutoa hewa ya haidrojeni zinapochajiwa, na cheche ndogo tu yaweza kuilipua. Zikae mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto.

Betri iliyokufa

Betri kuukuu si takataka za kawaida. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichofungwa mwaka wa 2014 kiliacha wakazi na sumu ya risasi mwilini. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni dhidi ya kiwanda hicho, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka wa 2023, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Funzo kwa kila boma ni kwamba betri ya risasi isivunjwe nyumbani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima, na vipande vyake visichezewe na watoto. Irudishwe kwa muuzaji, ambaye mara nyingi hupunguza bei ya betri mpya anapopokea ya zamani. Betri za lithiamu zisitupwe motoni wala chooni.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kuandika majibu ya maswali haya na kwenda nayo dukani:

1. Betri zitakazochajiwa ni za aina gani, na zina volti na ampea-saa ngapi?

2. Ni wati-saa ngapi zitahitajika kwa siku nzima?

3. Chaja inakubali volti ngapi kuingia, na huchukua wati ngapi ikifanya kazi kwa nguvu zote?

4. Je, chanzo kina akiba ya angalau asilimia 20 juu ya hapo?

5. Stima ikikatika au mawingu yakitanda siku mbili, kazi itaendeleaje?

6. Je, bidhaa ina alama ya Shirika la Viwango, KEBS, na risiti yenye udhamini? Kwa vifaa vidogo vya sola, je, imepimwa chini ya mpango wa VeraSol?

7. Umbali kati ya chanzo na chaja ni mita ngapi, na waya ni wa unene gani?

Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo. Anayeyakwepa, au anayesema kuwa kifaa kimoja kinafaa betri zote, ni heri kuachana naye. Bei ya chini dukani haina faida iwapo mnunuzi atalazimika kurudi sokoni kununua betri nyingine kabla ya mavuno yajayo.